Dhahabu inapoacha kuwa dhahabu: Siri ya vishada vya atomu

MAMA anapompeleka mtoto mwenye homa katika zahanati kule Siaya au Busia, mhudumu humtoboa mtoto kidole, akatia tone la damu kwenye kijibao cha plastiki, kisha wote wakasubiri. Baada ya takriban robo saa, mistari myekundu hujitokeza. Ikiwa ni miwili, mtoto ana malaria na huanzishiwa dawa papo hapo. Ikiwa ni mmoja tu, mhudumu hana budi kutafuta chanzo kingine cha homa hiyo.

Wachache mno miongoni mwetu hujiuliza wekundu huo umetoka wapi. Si damu, wala si wino. Katika vipimo vingi vya aina hiyo, na hata katika vile vya ujauzito vinavyouzwa madukani, wekundu ule ni dhahabu: dhahabu halisi, ya ukoo mmoja na ile ambayo sonara wa Mombasa huifua ikawa mkufu, au ile inayochimbuliwa kwa sururu katika mashimo ya Migori na Kakamega. Tofauti ni moja tu. Imegawanywa vipande vidogo mno.

Jambo hili haliafikiani na tulivyofunzwa shuleni. Tulifunzwa kwamba kila elementi ina sifa zake zisizobadilika. Dhahabu ni ya manjano, huyeyuka kwenye nyuzijoto 1,064 za Selsiasi, haishiki kutu, wala haishughuliki na gesi zinazoizunguka. Ukiukata mkufu vipande viwili, kila kipande kitabaki na sifa hizo zote. Ukivikata tena na tena hadi vikawa vumbi lisilokamatika kwa vidole, bado vumbi hilo litakuwa dhahabu ile ile.

Somo hilo ni sahihi kwa kila kitu kinachoonekana kwa macho. Lakini kuna mahali linapokomea, na mahali hapo ndipo penye mambo.

Kishada cha atomu ni mkusanyiko wa atomu kuanzia mbili tatu hadi maelfu kadhaa. Kuna watakaopendelea neno "kundi". Mimi nimeegemea "kishada", kama kishada cha zabibu, kwa sababu punje zake zaweza kuhesabiwa moja moja, na katika suala hili hesabu ndiyo kila kitu. Ili msomaji apate picha, gramu moja ya dhahabu, yaani uzito wa hereni ndogo, ina atomu zaidi ya bilioni bilioni elfu tatu. Kipande chenye upana wa nanomita mbili, nanomita moja ikiwa ni sehemu moja ya milioni ya milimita, kina atomu zipatazo 250 tu. Kati ya hereni na kipande hicho pana masafa makubwa, na ni katika mwisho wa masafa hayo ambapo dhahabu huanza kubadilika tabia.

Sababu ya kwanza ni ya hesabu tupu. Ndani ya kipande kikubwa cha dhahabu, kila atomu imezungukwa na jirani 12 wanaoishikilia kila upande. Atomu iliyo juu ya uso ina jirani tisa au wanane, na ile iliyo pembeni kabisa yaweza kuwa na sita pekee. Katika mkufu, atomu za juu ni chache mno zikilinganishwa na zilizofichwa ndani, na kwa hiyo hazihesabiki. Katika kishada, mambo hugeuka.

Tazama jinsi mchuuzi katika soko la Kongowea anavyoyapanga machungwa yake. Sasa chukua chungwa moja, ulizungushie mengine yanayoligusa. Yataenea 12, wala hapana nafasi ya la 13. Jumla, pamoja na lile la katikati, ni 13, na kati yake 12 yako nje. Ukilifunika umbo hilo kwa tabaka jingine kamili utahitaji machungwa 42 na jumla itakuwa 55. Tabaka la tatu lahitaji 92, jumla ikawa 147. La nne lahitaji 162, jumla 309. Hivyo basi, katika kishada cha 55, atomu tatu kati ya kila nne ziko juu ya uso. Hata katika kile cha 309, zaidi ya nusu bado zinaangalia nje. Kishada ni kitu ambacho karibu chote ni ngozi.

Umbo linalotokana na mpango huo lina nyuso 20 za pembetatu na pembe 12, na mtaalamu wa fuwele wa Uingereza, Alan Mackay, alilieleza kinaganaga mwaka 1962. Wakati huo lilikuwa wazo la kijiometria tu. Mwaka 1981, watafiti Echt, Sattler na Recknagel wa Chuo Kikuu cha Konstanz, Ujerumani, waliipoza gesi ya zenoni hadi ikagandamana vishada vishada, kisha wakavipima uzito. Vishada vya 13, 55 na 147 vilikuwa vingi kupita majirani wao, pamoja na vingine vichache kama vile vya 19 na 25. Machungwa ya Mackay yalikuwa yamejitokeza katika maabara. Wataalamu wakaziita "namba za miujiza", jina ambalo kwa maoni yangu limeleta mkanganyiko mwingi kuliko mwangaza, kwani hapana muujiza wowote. Kishada ambacho tabaka lake limekamilika hakina atomu iliyoachwa pweke, na ndiyo maana hudumu.

Je, huwezaje kupima uzito wa kitu chenye atomu 13? Watafiti huifukiza metali kwa miale ya leza, mvuke wake ukapozwa na gesi ya heliamu, na atomu zikaanza kushikana zinavyokutana. Vishada hivyo hupewa chaji ya umeme, kisha vyote husukumwa kwa nguvu iliyo sawa. Yeyote aliyewahi kusukuma mkokoteni anafahamu kitakachofuata: mwepesi hutangulia, mzito huchelewa. Kwa kupima muda ambao kila kishada kinachukua kufika mwisho wa safari, watafiti hujua kina atomu ngapi. Ni kwa mbinu ya namna hii ambapo Harold Kroto, Richard Smalley na Robert Curl waligundua mwaka 1985, katika Chuo Kikuu cha Rice kule Houston, kishada cha atomu 60 za kaboni chenye umbo la mpira wa kandanda. Walituzwa Nobeli ya kemia mwaka 1996.

Hata hivyo, hesabu ya machungwa haikutosha. Mwaka 1984, Walter Knight na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walivipima vishada vya sodiamu, metali laini iliyomo katika chumvi ya mezani. Vilivyoongoza kwa wingi vilikuwa vya atomu 8, 20, 40, 58 na 92. Hapakuwa na 13 wala 55.

Kumbe sodiamu ilikuwa ikihesabu kitu kingine. Kila atomu yake ina elektroni moja ya nje ambayo haikushikiliwa kwa nguvu. Atomu zikikusanyika, elektroni hizo huacha kuwa mali ya atomu moja moja, zikazagaa katika kishada kizima na kujipanga kwa matabaka, kila tabaka likiwa na nafasi zisizozidi idadi fulani. Aliyezoea matatu ya abiria 14 ataelewa. Likijaa barabara, kila mtu ametulia kitini. Abiria wa 15 huning'inia mlangoni, na gari likipita kwenye shimo ndiye wa kwanza kudondoka. Kishada cha sodiamu chenye atomu 8 au 20 ni matatu iliyojaa kikamilifu. Cha 9 au 21 kina elektroni moja mlangoni.

Wanafizikia hawakuishangaa sana fikra hiyo, kwa kuwa walikuwa wameiona kwingine. Maria Goeppert Mayer na Hans Jensen walikuwa wametuzwa Nobeli mwaka 1963 kwa kuonyesha kwamba protoni na nutroni ndani ya kiini cha atomu nazo hujipanga kwa matabaka. Lililokuwa geni ni kwamba kishada kizima cha metali chaweza kujifanya kama atomu moja kubwa.

Alumini ilitoa mfano unaovutia zaidi. Kila atomu yake huchangia elektroni tatu. Atomu 13 huchangia 39, na ukiongeza chaji moja hasi unapata 40, ambayo ni matatu iliyojaa. Papo hapo, 13 ni hesabu kamili ya machungwa. Welford Castleman na wanafunzi wake nchini Marekani waliona mwishoni mwa miaka ya 1980 kwamba kishada hicho hakili oksijeni, ilhali vingi vya jirani zake huharibiwa nayo mara moja. Kikikosa ile chaji moja, kishada hicho cha alumini hutamani elektroni kama vile klorini au aidini inavyofanya. Metali ya sufuria inaigiza tabia ya dawa ya vidonda!

Turejee kwa dhahabu, kwa kuwa ndiyo yenye ukaidi kuliko zote.

Atomu chache za metali nyingi zikikutana hujikunja upesi kuwa tonge. Dhahabu haifanyi hivyo. Hutandaa bapa kama chapati, na katika vishada vyenye chaji hasi hubaki bapa mpaka atomu zifikapo takriban 12. Chanzo chake ni uzito wa kiini chake, ambacho kina protoni 79. Elektroni za ndani kabisa huvutwa kwa nguvu kubwa hivi kwamba kasi yake hupita nusu ya kasi ya nuru, na hapo kanuni za Einstein za uhusianifu huanza kutawala. Athari yake huenea hadi elektroni za nje zinazoshikanisha atomu. Ni athari hiyo hiyo inayoipa dhahabu rangi yake ya manjano, la sivyo ingelikuwa nyeupe kama fedha.

Ukiendelea kuongeza atomu moja moja, sura hubadilika kwa namna ambayo hakuna aliyeitabiri. Penye atomu 16, 17 na 18, watafiti waliripoti mwaka 2006 kwamba vishada vyenye chaji hasi ni vizimba vitupu, yaani duara la dhahabu lisilo na kitu ndani. Penye 20, kama ilivyobainika mwaka 2003 katika utafiti wa Jun Li, Lai-Sheng Wang na wenzao, atomu hujipanga kuwa piramidi ya pembetatu nne, kila uso ukiwa na atomu 10, na hapana hata moja iliyofichwa ndani. Elektroni zake za nje ni 20, tabaka limejaa, na kishada hicho ni kigumu kukisumbua kikemia. Kumbuka, msomaji, kwamba kutoka kizimba hadi piramidi ni tofauti ya atomu mbili.

Vipi kuhusu joto la kuyeyuka? Mjapani Mieko Takagi alikuwa ametambua mwaka 1954 kwamba tandu nyembamba za risasi na bati huyeyuka mapema kuliko kawaida. Mwaka 1976, Philippe Buffat na Jean-Pierre Borel wa Lausanne, Uswisi, waliipima dhahabu. Kadiri chembe zilivyopungua ndivyo joto lake la kuyeyuka lilivyoshuka, na zile za nanomita mbili tatu ziliyeyuka mamia ya nyuzi chini ya kiwango anachokifahamu sonara. Maelezo yake ni yale ya ngozi: atomu zenye jirani wachache hung'oka upesi.

Ikiwa msomaji amehitimisha kwamba vishada vidogo daima huyeyuka mapema, avute subira. Kule Freiburg, Ujerumani, Hellmut Haberland na wenzake walionyesha mwaka 1997 kwamba kishada cha sodiamu chenye atomu 139 huyeyuka kwenye nyuzijoto 6 chini ya sufuri, wakati sodiamu ya kawaida huhitaji 98. Lakini kati ya atomu 70 na 200, kiwango hicho hakishuki taratibu kadiri atomu zinavyopungua. Hupanda na kushuka kiholela kama bei ya nyanya.

Tena ipo galiamu. Metali hii huyeyuka kwenye nyuzijoto 30 hivi, na kipande chake chaweza kugeuka maji kiganjani mwako. Mwaka 2003, kundi la Martin Jarrold nchini Marekani liliripoti kwamba vishada vya galiamu vyenye atomu 39 na 40 huyeyuka kwenye joto linalozidi hilo kwa nyuzi zaidi ya 200, na kile cha atomu 17 hakikuonyesha dalili ya kuyeyuka hata baada ya kuchomwa zaidi ya hapo. Maelezo yanayotolewa ni kwamba atomu za galiamu zikiwa chache hushikana kwa vifungo vya aina nyingine, vilivyo imara kuliko vya metali ya kawaida. Kwa ufupi, kanuni ya ngozi ni nzuri mpaka pale unapofika kwenye vishada ambavyo atomu zake zaweza kuhesabiwa kwa vidole vya watu wachache. Kuanzia hapo, kila namba ina habari zake. Hali ni hiyo pia katika usumaku: rodiamu, metali isiyo na usumaku wa kudumu hata chembe, iligunduliwa mwaka 1993 kuwa na usumaku katika vishada visivyofika atomu 60 hivi.

Rangi ndiyo sifa iliyotangulia kuonekana. Katika jumba la makumbusho la British Museum, London, kuna kikombe cha Kirumi cha karne ya nne ambacho ni kijani kikimulikwa kwa mbele na chekundu kikimulikwa kwa nyuma. Kioo chake kina chembechembe za dhahabu na fedha, ingawa mafundi waliokifua hawakujua kwamba walikuwa wanakata metali kwa nanomita. Mwaka 1857, Michael Faraday alitengeneza vimiminika vyekundu kutokana na dhahabu na kuwaambia wanasayansi wa London kwamba rangi hiyo inatokana na chembe ndogo mno za dhahabu zenyewe. Gustav Mie wa Ujerumani alizileta hesabu zake mwaka 1908: nuru inapoipiga chembe, elektroni zake huyumba zote kwa pamoja, zikameza sehemu ya kijani ya nuru na kuacha wekundu upite.

Chembe zinazotumika katika vipimo vya malaria huwa aghalabu na upana wa nanomita 40 hivi, sawa na atomu milioni mbili. Hufungwa pamoja na kingamwili zinazoikamata protini ya kimelea. Protini ikiwamo katika damu, chembe za dhahabu hurundikana kwenye mstari na macho yakaona wekundu. Zingekuwa za chini ya nanomita mbili, wekundu huo ungetoweka, kwa sababu elektroni zingekuwa chache mno kuyumba kwa pamoja. Mama wa Siaya asingeona kitu.

Sifa ya mwisho ndiyo inayoweza kuleta faida kubwa. Kila msimu wa baridi tunasoma habari za familia zilizoaga dunia kwa kulala na jiko la makaa ndani ya chumba kilichofungwa. Kinachowaua ni gesi ya monoksidi ya kaboni. Mwaka 1987, Masatake Haruta na wenzake mjini Osaka, Japani, walitangaza kwamba dhahabu, metali iliyosifika kwa uvivu wake, huigeuza gesi hiyo kuwa kaboni dioksidi hata kwenye nyuzijoto 70 chini ya sufuri, mradi tu chembe zake zisizidi nanomita tano hivi na ziwe zimekalishwa juu ya oksidi ya metali nyingine. Mwaka 1999, Ueli Heiz, Uzi Landman na wenzao walihesabu moja moja, dhahabu ikiwa juu ya oksidi ya magnesi. Vishada vya atomu saba kushuka chini havikufanya kazi. Cha nane kilifanya.

Haya yote yanamhusu vipi mwananchi wa kawaida? Yanamhusu kwa sababu sheria zetu za dawa, vyakula na vipodozi, na za mataifa mengi, zimezoea kuuliza kitu kinaitwaje, wala si kina ukubwa gani. Mwaka 2022, Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku matumizi ya dioksidi ya titani katika vyakula, unga mweupe uliotiwa kwa miaka mingi katika peremende na keki, baada ya wataalamu wake kusema hawawezi tena kuuthibitisha kuwa salama. Miongoni mwa mambo waliyoyachunguza ni sehemu ya unga huo iliyo ndogo kupita kiasi. Simaanishi kwamba kila kidogo ni sumu. Ninachosema ni kwamba cheti cha usalama kilichotolewa kwa kitu kikubwa hakiwezi kuazimwa na kitu kidogo chenye jina lile lile. Hata ule mpaka wa nanomita 1 hadi 100 unaotumiwa na wasimamizi ni wa kiutawala zaidi. Atomu haziujui.

Vikwazo pia vipo. Chembe za Haruta zikipashwa moto husogeleana na kuungana, na zikishakuwa kubwa hurejea katika uvivu wa mkufu. Hilo ndilo limechelewesha matumizi yake viwandani. Faraday naye aliona kwamba akitia chumvi katika kimiminika chake chekundu, chembe hushikana na wekundu kugeuka buluu. Damu ina chumvi, na ndiyo sababu watengenezaji wa vile vijibao vya malaria hulazimika kuivisha kila chembe ya dhahabu koti la protini kabla ya kuipakia katika karatasi, ili tone litakapodondoshwa huko Busia chembe hizo zisishikane kabla ya kuufikia mstari.